Msenegali Wako na Mpishi wa Uswisi

Mpendwa Baba,

Msenegali wako ameacha mpira. Nilisoma juzi kwenye simu, habari fupi ya mistari minne, hata picha hawakuweka. Wametaja klabu zake zote kwa mpangilio, wakamtakia heri, basi. Nilitaka kukuita uje uone, kama zamani, kisha nikakumbuka uko wapi. Kwa hiyo nimekaa kukuandikia, na kwa kuwa jambo lenyewe si siri tena, naandika mahali ambapo yeyote apendaye anaweza kusoma.

Nianze na lile gazeti la nyama, maana wasiokujua hawataamini. Ulikuwa mwaka wa 2007, mvua za Aprili zikianza. Wewe na Mama mlikuwa mmekodi kishamba pale Bahati baada ya wewe kuacha kazi za mashamba ya watu, na mimi nilikuwa mhudumu katika saiba ya mzee Jaswant, duka la intaneti, mjini Nakuru. Jumamosi moja uliingia na koti lako la mvua, ukawapita wateja wote waliokuwa wakingoja kompyuta, ukanitandazia kipande cha gazeti juu ya kibodi. Kilikuwa kimefungiwa nusu kilo ya nyama, na damu ilikuwa bado mbichi.

"Nisomee hii," ukasema.

"Baba, hii ni mashine ya watu."

"Nitapanguza. Soma."

Ilikuwa kona ya ukurasa wa michezo. Kulikuwa na picha ya mshambuliaji mmoja wa Senegali, mrefu, shingo kama ya mtu anayechungulia ukuta, na chini yake orodha ya mahali alipochezea. Alianzia kwao Dakar. Akaenda Ufaransa, daraja la pili, misimu miwili. Ubelgiji, mmoja. Ufaransa tena, mji mwingine. Uturuki, nusu msimu. Uswisi, mmoja na nusu. Ugiriki, kwa mkopo. Halafu Uingereza, kwenye ngazi za chini huko, na ndiko alikokuwa wakati ule. Nilikuwa nasoma, nawe unahesabu, na vidole vya mkono mmoja vikaisha ikabidi uingie wa pili.

"Nani amemwandikia hii kipande?" ukauliza.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hukuwa unaangalia mpira. Babu alivaa kipande shingoni enzi za mkoloni, na ndani yake kila mzungu aliandika siku aliyomchukua na siku aliyomwacha. Wewe ulizaliwa umechelewa, hukuvaa kipande, lakini ulikuwa na barua. Kila shamba ulilokamua ng'ombe lilikupa barua ya mistari miwili: ni mwaminifu, halewi, ameondoka kwa hiari yake. Subukia, Kabazi, Njoro, Molo, Kabazi tena, Dundori, Rongai. Uliona orodha ya yule kijana wa watu ukadhani, na sijui kama ulikosea, kwamba ni mfanyakazi mwenzako.

"Mtu akihama hivi," ukaniambia ukipanguza damu kwa mkono wa koti, "ama ni mwizi, ama ni fundi. Sasa huyu ni gani?"

Nilikwambia nitatafuta. Wewe ulidhani nakuheshimu tu kama mzazi. Ukweli ni kwamba nilikuwa na swali langu mwenyewe la muda mrefu, na sikujua namna ya kukuuliza.

Utotoni mwetu tulihama na masufuria yakigongana nyuma ya trekta hadi mbwa wetu akazoea. Nikimuuliza Mama sababu, alicheka na kusema, "Baba yenu hakai. Ako na miguu." Aliwaambia hivyo majirani wa kila laini ya wafanyakazi tuliyoishi. Sisi watoto tukaishika, tukawa tunaisema. Nilikuwa nayo kama wimbo hadi ile Januari nilipoingia darasa la nane pale Dundori. Nilikuwa naongoza kwa hesabu, mwalimu ameshanitajia shule ya bweni atakayoniandikia. Februari ukaja nyumbani na barua nyingine ya mistari miwili, tukateremka Rongai. Shule ya Rongai haikuwa na mwalimu wa hesabu hadi Juni. Nilipata alama za shule ya kutwa, na habari ya bweni ikaisha.

Nilikuchukia, Baba. Ningeweza kutafuta neno jepesi, lakini hilo ndilo lenyewe. Nilikusalimia kila asubuhi, nikakupikia, nikakufulia lile koti, na miaka yote hiyo nilikuwa nakuona mtu aliyeuza masomo yangu kwa sababu miguu inamwasha.

Kwa hiyo Msenegali alipotokea, nilimkamata kwa mikono miwili. Nilitaka kujua mtu wa aina yako ana ugonjwa gani.

Kila Jumamosi ulipokuja nilikuwa nimechimba kitu. Nilipekua tovuti za magazeti ya huko, nyingine kwa Kifaransa cha kubahatisha, nikitafuta siku alizoondoka. Unakumbuka tulichokipata? Ufaransa: wameachana kwa makubaliano ya pande zote. Uturuki: makubaliano ya pande zote. Uswisi: makubaliano, na klabu inamshukuru kwa mchango wake. Ulicheka hadi ukakohoa.

"Kumbe hata huko wanaandika tu hivyo," ukasema.

Ule mkopo wa Ugiriki ulikusumbua wiki mbili. Mtu anakopeshwaje? Kisha ukaja umeridhika kabisa, ukanieleza kwamba ni kama mtamba unaompelekea rafiki akae naye anywe maziwa, na ng'ombe akabaki wako. "Huyo hawakumfukuza," ukasema. "Ng'ombe mbaya hupeleki kwa rafiki." Nilijaribu kukueleza mambo ya mikataba nikaona naharibu.

Mzee Jaswant naye akaingia. Nilidhani Singasinga yule, na kilemba chake na hesabu zake za umeme, angetufukuza kwa kuchezea mashine yake. Badala yake alivuta kiti.

"Mzee, mimi nakuambia, huyu ako na bibi mkali," alisema. "Bibi hapendi baridi, hapendi jirani, hapendi kitu. Mwanamume anahama tu."

"Kwani wewe bibi yako amekuhamisha?"

"Mimi niko Nakuru tangu babu yangu. Lakini huyu wangu anataka Kanada kila siku."

Mimi nilishikilia kwamba ni maringo. Nilisema mtu kama huyo hujiona mkubwa kuliko mahali alipo, halafu nikakutazama usoni nione kama limekuingia. Ulikuwa unaangalia picha yake kwenye kompyuta. Ulisema tu kwamba mtu wa maringo hushuka klabu moja, hashuki zote.

Wazo la mpishi lilikuja Novemba. Ulilileta tayari limeiva, na nilikataa, nawe ukanikalia hadi saa ya kufunga.

"Nilipokuwa nyapara Kabazi," ukasema, "mkamuaji mgeni akija na barua nzuri, sikuwa namuuliza tajiri wake wa zamani. Tajiri ataniambia nini? Ameshaandika. Nilikuwa natuma mtu kwa mpishi. Mpishi anajua nani anakula vibaya, nani analia, nani anaiba sukari. Hiyo klabu haina jikoni?"

"Iko nayo, lakini Baba, huwezi kuandikia mpishi wa klabu ya Ulaya."

"Kwani yeye hasomi?"

Ulichagua Uswisi. Ufaransa ndiko alikokaa zaidi, lakini uliambiwa Uswisi ni nchi ya ng'ombe wa maziwa, na ukaamini kwamba watu wa ng'ombe hawatakudharau. Ulisimama nyuma ya kiti changu ukaniamuru, nami nikaweka kwa Kiingereza huku nikiomba Mungu wateja wasisikie. Nilihifadhi maneno yako kwenye daftari, kwa hiyo sikusingizii:

"Kwa mpishi. Habari ya kazi. Mimi ni mzee wa Nakuru, Kenya, zamani mkamuaji. Hapo kwenu kulikuwa na Msenegali. Mambo ya klabu sitaki. Nataka kujua kama alikuwa anakula vizuri, kama alikuwa anasalimia watu, na kwa nini aliondoka. Siulizi kwa ubaya. Salimia wenzako wa jikoni."

Niliituma kwa anwani ya ofisi ya klabu, juu nikaandika kwamba ni ya mpishi. Nilihisi aibu hadi masikioni.

Kisha uchaguzi ukaja, na ghasia zilizofuata kila mtu wa hapa anazijua. Bahati ilipoanza kuwa na maneno ya vitisho, mlikuja wewe na Mama chumbani kwangu mjini na godoro moja na kuku wawili. Siku zile za mwisho wa Januari Nakuru ilipowaka, tulikaa ndani watatu, pazia limefungwa, tukisikia tusiyotaka kuyasikia. Mama aliangalia lile godoro akakwambia, "Leo angalau, Baba Nekesa, hawawezi kusema ni wewe umetuhamisha." Ulicheka kidogo. Mimi sikucheka. Niliogopa sana, na nakumbuka kilichonishangaza ni kwamba kila asubuhi, kati ya habari za nani amechomewa na nani hajaonekana, uliuliza kwa sauti ya chini, "Na yule mpishi?"

Februari mzee Jaswant alifungua mlango nusu. Uliniomba unisindikize kazini, ukisema ni kwa usalama wangu. Barua ya mpishi ilikuwa imeingia siku kumi nyuma.

Ilikuwa ya mwanamke. Kiingereza chake kilikuwa kama changu, cha kusukuma, nami nikakufasiria polepole. Alisema karani wa ofisini alicheka, akaichapisha barua yako, akambandikia ukutani jikoni. Ikakaa pale tangu Novemba. Kisha akaona kwenye televisheni moshi, na jina la mji limeandikwa chini, akasimama akasoma ukuta wake. Aliuliza kwanza: mzee yuko mzima?

Halafu akajibu kama ulivyouliza, moja baada ya jingine. Msenegali alikuwa anakula mkate sana na nyama kidogo. Alikuwa anasalimia watu wote, hata waosha vyombo, kwa majina. Na aliondoka kwa sababu ya goti. Kila baada ya mazoezi alikuwa anakuja kwa mlango wa nyuma kumwomba barafu, ili daktari wa klabu asijue. Siku moja kocha aliingia jikoni kutafuta kahawa akamkuta amekaa, goti limezungushiwa barafu na taulo la vyombo. Hakuna aliyegomba. Walimtafutia mahali pengine, wakaandika makubaliano. Wangeandika goti, mpishi alisema, nani angemchukua? Akaomba yasiende mbali.

Uliniambia nirudie pale pa jikoni. Nikarudia.

"Futa," ukasema.

"Nifute? Baba, tumeingoja miezi mitatu."

"Futa hiyo barua. Huyo mtu bado anaandikwa kazi."

Nikafuta. Nimenyamaza tangu siku ile hadi juzi, na ndiyo maana sikuandika mapema.

Ndipo ukaweka mikono yako juu ya meza, viganja juu, kati ya kibodi na kipanya. Ukaniambia nifinye. Nilifinya kidole cha shahada, cha kati, na cha pete. Nilifinya hadi kucha zangu zikaacha alama.

"Hapo sisikii," ukasema. "Tangu Kabazi ya kwanza. Ni kukamua. Ng'ombe thelathini asubuhi, thelathini jioni, miaka. Mara ya kwanza vidole vilikuwa vinalala usiku tu, halafu vikawa vinalala nikiwa kazini. Na ng'ombe anajua mkono. Mkono ukiwa umekufa anashikilia maziwa."

Ukanieleza namna ilivyokuwa inakwenda. Msimu mmoja, labda miwili, mikono ikipumzika kidogo baada ya kuhama. Kisha maziwa yanapungua, tajiri anaangalia daftari, anakuita nyuma ya zizi, anakwambia kwa upole. Hawakuwa watu wabaya, ulisisitiza hilo. Waliandika umeondoka kwa hiari ili shamba linalofuata likuchukue. Yule wa Dundori alikuomba ungoje hadi mwisho wa mwezi apate mtu, ukangoja.

"Mbona hukutuambia?" nikauliza.

"Kwa laini? Ukuta wa mabati? Ukikohoa, nyumba ya tatu inakupa pole. Na wewe ulikuwa mtoto. Ungesema shuleni."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema neno. Lilikuwa mdomoni. Mteja mmoja akagonga meza akitaka kuchapisha fomu, nikasema, "Ngoja kwanza nimhudumie huyu," na niliporudi ulikuwa umeshavaa koti. Nilimshukuru mteja yule moyoni, Baba, kwa sababu aliniokoa. Nimejuta kumshukuru.

Baada ya hapo tuliendelea na Jumamosi zetu. Tulimfuata Msenegali hadi Saiprasi, kisha Uarabuni, lakini sasa tulikuwa tunasoma kwa namna nyingine. Nikikusomea kwamba ametolewa kipindi cha pili, ulikuwa unainama unaninong'oneza, "Goti?" nami natikisa kichwa sijui. Mzee Jaswant hakuacha hoja yake ya bibi mkali, na wewe ulimkubalia kabisa. "Ni bibi, Bwana Jaswant," ulimwambia. "Sisi tulikuwa tunapoteza wakati." Alifurahi siku nzima.

Umeondoka duniani nikiwa sijalisema lile neno. Kila nilipokuja Bahati, baada ya ninyi kurudi, nilileta sukari na unga badala yake.

Jana nilikwenda kwa Mama. Nilimkuta nje anabangua minji, zile njegere za shambani, nikakaa, nikamwambia Msenegali amestaafu. Kisha nikamweleza yote, barafu, mlango wa nyuma, na vidole vyako vitatu. Nilikuwa naona napasua jipu. Nilimwambia kwa upole, kama mtu anayemletea mjane habari.

Hakuacha kubangua.

"Na zile ng'ombe za mwisho kila alfajiri, ulidhani ni nani alikuwa anamalizia kukamua?" akaniuliza. "Nilikuwa naenda kuteka maji saa kumi? Maji gani saa kumi?"

Nikamuuliza: kama alijua, mbona alikusema? Mbona kila shamba alisimama bombani akawaambia watu huna utulivu, unahama kama upepo, mpaka sisi watoto wako tukakuona mtu wa hovyo?

"Watu walikuwa wanauliza," Mama alisema. "Familia haiwezi kuhama bila sababu, lazima wataitafuta. Nikawapa moja. Mtu wa miguu, tajiri anacheka, anamwandika. Mtu wa mikono hakuna anayemwandika."

"Na sisi je? Ungetuambia sisi."

Mama akaniangalia sasa, kwa mara ya kwanza tangu nifike.

"Ninyi mlikuwa mnaisaidia hiyo sababu," akasema. "Hasa wewe. Ile ya Rongai, ulipofika ukakaa nje unalia, unaambia kila mtu baba yako hakai, amekuharibia shule. Nyapara wa pale alikuwa na wasiwasi, alikuwa amesikia kitu kutoka Dundori. Akakusikiliza. Jioni akaja akamwambia baba yako aanze kesho. Nilimwambia baba yako, huyu mtoto nimwite nimweleze? Akakataa. Akasema, mwache. Vile anavyolia, hakuna mtu atauliza tena."

Kwa hiyo ulinisikia, Baba. Ulikuwa ndani, ukuta wa bati katikati yetu, ukanisikia nikikutangaza kwa wageni, ukaniacha nimalize, na kesho yake ukaenda kukamua.

Samahani. Ndilo neno lenyewe, halina mteja wa kulikatiza leo. Mama amenipa ruhusa ya kuyaandika haya, anasema hakuna anayeandikwa kazi tena. Lala salama, mzee wangu, na mikono ipumzike.

Ni mimi, binti yako wa kwanza,
Nekesa